Kuonekana Bure si Ruhusa ya Kurusha Upya: Sheria na Chaneli za Televisheni Mtandaoni

IHUMWA, DODOMA – Jioni ya mechi ya Ligi Kuu, vibanda umiza vya Ihumwa hujaa mapema. Kata hii iliyo mashariki mwa katikati ya Jiji la Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro na jirani na Mji wa Serikali Mtumba uliozinduliwa rasmi tarehe 13 Aprili 2019, imepokea wakazi wengi wapya: watumishi wa umma, mafundi ujenzi, wafanyabiashara na vijana wanaotafuta riziki. Wengi wao hawana televisheni katika vyumba walivyopanga, lakini wana simu janja na bando.

Katika mazingira hayo, swali moja linazidi kujitokeza miongoni mwa wananchi: je, ni halali mtu kuchukua matangazo ya chaneli ya televisheni, iwe ya bure au ya kulipia, na kuyarusha upya kupitia intaneti? Mwenye kisimbuzi aliyelipia kifurushi chake anaona hana kosa kuelekeza kamera ya simu kwenye runinga na kurusha mechi mubashara katika ukurasa wake. Mwenye tovuti anayekusanya viungo vya chaneli za ndani anaona anawasaidia wananchi wanaokosa habari. Mwenye programu tumizi inayotoza shilingi mia chache kwa wiki anaona amebuni ajira.

Jibu la sheria za Tanzania halitegemei nia njema ya mrushaji pekee. Kurusha upya chaneli ya mtu mwingine mtandaoni kunahitaji ruhusa mbili tofauti, zinazosimamiwa na mamlaka mbili tofauti. Kuwa na moja hakumwondolei mtu wajibu wa kuwa na nyingine, na kukosa zote mbili ni kosa hata kama mtazamaji hakutozwa senti.

Ruhusa ya kwanza: leseni ya kutoa huduma

Ruhusa ya kwanza inahusu huduma yenyewe. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inaipa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) jukumu la kutoa leseni kwa watoa huduma za mawasiliano, wakiwemo watoa huduma za maudhui. Ili kwenda sambamba na ukuaji wa intaneti, zilitungwa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, ambazo nafasi yake ilichukuliwa na Kanuni za mwaka 2020, nazo zikafanyiwa marekebisho katika miaka iliyofuata.

Kanuni hizo ziliweka kundi mahususi la leseni kwa ajili ya urushaji sambamba, yaani kituo cha redio au televisheni chenye leseni ya utangazaji kupeleka matangazo yake yaleyale mtandaoni kwa wakati uleule. Mpangilio huo unatoa ujumbe ulio wazi. Hata kituo chenye chaneli yake halali hakikuachwa kidhani kwamba leseni ya kurusha angani inajifungulia mlango wa mtandaoni yenyewe. Ikiwa mwenye chaneli alitakiwa kufuata utaratibu, mtu wa kando asiye na chaneli hawezi kudai kwamba utaratibu haumhusu.

Ruhusa ya pili: ridhaa ya mwenye haki

Ruhusa ya pili inahusu kilichomo ndani ya matangazo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, Sura ya 218, inasimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA). Sheria hiyo inampa mtunzi wa kazi haki ya pekee ya kuruhusu kazi yake itangazwe au iwasilishwe kwa umma kwa njia nyingine. Aidha, kwa upande wa hakishiriki, inalipa shirika la utangazaji haki ya kuruhusu au kukataza matangazo yake yasirushwe upya na mwingine.

Wananchi wengi hudhani kwamba chaneli ina mwenye mali mmoja. Hali halisi ni tofauti. Katika saa moja ya matangazo ya jioni kunaweza kuwa na tamthilia iliyonunuliwa nje ya nchi, wimbo wa msanii wa Kitanzania, tangazo la biashara na kipande cha mchezo wa soka. Kila kimoja kina mwenyewe, na mara nyingi kituo kimenunua haki ya kukionesha kwa muda fulani, katika eneo fulani na kwa njia fulani tu.

Hii ndiyo sababu mtazamaji anayefuatilia kituo anachokipenda kupitia mtandao huweza kukuta matangazo yamesitishwa wakati wa mashindano ya kimataifa, ilhali kwenye runinga ya jirani picha inaendelea. Kituo kinaweza kuwa kimenunua haki za ndani ya mipaka ya Tanzania pekee, na intaneti haina mpaka wa Namanga wala Tunduma. Mtu anayechukua matangazo hayo na kuyarusha upya mtandaoni anakiweka kituo katika hatari ya kudaiwa na aliyekiuzia haki.

Sheria haikufunga kila mlango. Inatambua matumizi binafsi, nukuu fupi zenye kutaja chanzo, ufundishaji na utoaji wa taarifa za matukio ya sasa, kwa mipaka iliyowekwa. Maandishi ya sheria, maamuzi ya mahakama na habari za siku kama taarifa tupu hayana ulinzi wa hakimiliki. Mwananchi wa Ihumwa yuko huru kueleza alichokisikia katika taarifa ya habari. Kuchukua taarifa yote ya habari ya kituo, pamoja na picha, sauti na nembo yake, na kuirusha mubashara katika ukurasa wa mtu mwingine ni jambo jingine kabisa.

Funzo la visimbuzi

Mjadala huu ulianza kabla ya simu janja kuenea. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata kwa awamu. Kuanzia hapo chaneli nyingi ziliacha kujirushia zenyewe. Zilibebwa na kampuni za miundombinu ya kidijitali, ambazo wananchi wanazifahamu kwa majina ya visimbuzi vyao: StarTimes, Ting na Continental. Kampuni hizo zilipewa wajibu wa kubeba chaneli za kitaifa zinazotazamwa bila malipo, ili mwananchi asiyelipia kifurushi asikose habari za nchi yake.

Agosti 2018 wajibu huo ulizua suala lililowagusa wananchi moja kwa moja. Chaneli kadhaa za ndani, zikiwemo ITV na Channel Ten, ziliondolewa katika visimbuzi vya DStv, Azam na Zuku baada ya TCRA kusimamia masharti ya leseni. Hoja ya msingi ilikuwa kwamba leseni za kampuni hizo zilikuwa za huduma ya kulipia, na kwamba chaneli inayopaswa kutazamwa bure haiwezi kufungwa pamoja na kifurushi, kwa kuwa malipo yakiisha mtazamaji huikosa hata hiyo ya bure. Baadaye utaratibu ulirekebishwa na chaneli za ndani zikarejea katika visimbuzi hivyo.

Kampuni hizo zilikuwa na ofisi, leseni na mitambo ya gharama kubwa. Hata hivyo, hazikuruhusiwa kubeba chaneli nje ya masharti ya leseni zao. Tukio hilo linathibitisha kwamba nchini Tanzania neno “bure” linahusu haki ya mtazamaji kupokea. Halimpi mtu wa tatu haki ya kusambaza.

Nchi jirani na dunia zilivyoamua

Kenya ilipitia suala linalokaribiana na hilo mahakamani. Vyombo vya Royal Media, Nation na Standard vililalamika, pamoja na mambo mengine, kwamba chaneli zao zilikuwa zikibebwa katika visimbuzi vya GOtv na StarTimes bila ridhaa yao. Machi 2014 Mahakama ya Rufani ilikubaliana nao. Tarehe 29 Septemba 2014 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitengua uamuzi huo. Ilizingatia wajibu wa kisheria wa kubeba chaneli za bure pamoja na maslahi ya umma ya kupata matangazo hayo, na ikaona hakukuwa na ukiukwaji wa hakimiliki.

Uamuzi huo wakati mwingine hutajwa na wanaorusha chaneli mtandaoni kana kwamba unawalinda. Ukisomwa kwa makini, hauwafikii. Kinga iliyotolewa ilihusu watoa huduma wenye leseni, waliotekeleza wajibu uliowekwa na sheria. Mwenye ukurasa wa mtandaoni hana wajibu wa namna hiyo, hivyo hana kinga inayotokana nao.

Ulaya swali la intaneti liliulizwa kwa uwazi zaidi. Kampuni ya TVCatchup ya Uingereza iliwawezesha watu kutazama mtandaoni chaneli za bure ambazo tayari walikuwa na haki ya kuzitazama nyumbani kwa leseni ya televisheni. Tarehe 7 Machi 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba urushaji huo ni uwasilishaji mpya kwa umma, kwa kuwa unatumia njia tofauti ya kiufundi, na kwa hiyo unahitaji ridhaa ya mwenye haki. Ukweli kwamba watazamaji walikuwa na haki ya kupokea chaneli hizo majumbani haukubadilisha uamuzi.

Nchini Marekani, kampuni ya Aereo ilijaribu njia ya werevu zaidi. Ilitengeneza antena ndogo sana kwa maelfu, kila mteja akipewa yake kwa wakati anapotazama, ikidai kwamba inakodisha antena tu na mteja ndiye anayejipokelea matangazo. Tarehe 25 Juni 2014 Mahakama Kuu Zaidi ya nchi hiyo, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliikataa hoja hiyo. Ilisema kampuni ilikuwa ikifanya kazi ileile ya kampuni za televisheni ya waya, na ilipaswa kuwa na ridhaa.

Wauzaji wa vifaa nao walifikiwa. Tarehe 26 Aprili 2017 Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika shauri lililotoka Uholanzi, kwamba kuuza kisanduku cha runinga kilichowekewa mapema viungo vya kurasa zinazoonesha kazi bila idhini ni kuwasilisha kazi hizo kwa umma. Maamuzi haya ya nje hayafungi mahakama za Tanzania. Yanaonesha, hata hivyo, mwelekeo wa fikra za kisheria katika suala ambalo teknolojia yake ni ileile Ulaya na Ihumwa.

Adhabu na nani anaguswa

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina kifungu mahususi, cha 24, kinachokataza kutumia mfumo wa kompyuta kwa nia ya kukiuka haki miliki. Ukiukwaji usio wa kibiashara una faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ukiukwaji wa kibiashara una faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili. Juu ya hapo, mkosaji anaweza kuamriwa kumlipa fidia aliyeathirika.

Mambo mawili katika kifungu hicho yanastahili kuzingatiwa na vijana. La kwanza, kutotoza kiingilio hakufuti kosa, kunapunguza tu kiwango cha adhabu. La pili, kigezo ni nia. Mlengwa wa wazi ni anayerusha akijua, na hasa anayejipatia kipato kwa matangazo ya biashara au ada za watazamaji. Mtu aliyefungua kiungo alichotumiwa katika kundi la WhatsApp hayuko katika nafasi sawa na aliyekitengeneza, ingawa naye anashauriwa kutokisambaza.

Sheria hiyohiyo imeweka uwiano kwa watoa huduma za intaneti. Kampuni ya simu hailazimiki kuchunguza kila kinachopita katika mtandao wake. Inatakiwa kuchukua hatua pale inapopewa taarifa kwa utaratibu uliowekwa. Kenya nayo iliingiza utaratibu wa notisi ya kuondoa maudhui katika Sheria yake ya Hakimiliki kwa marekebisho ya mwaka 2019. Kwa hiyo mwenye haki hana haja ya kusubiri hukumu ya mwisho ili aanze kuchukua hatua.

Kwa nini linagusa uchumi wa Dodoma

Inawezekana kudhani kwamba wanaoumia ni kampuni kubwa pekee. Soka la nyumbani linaonesha vinginevyo. Mei 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) na Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo ya televisheni ya Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, sawa na wastani wa zaidi ya shilingi bilioni 22 kwa mwaka. Fedha za aina hiyo ndizo huzifikia klabu, zikiwemo zisizo na wadhamini wakubwa wala mashabiki wa kujaza uwanja kila wiki.

Dodoma Jiji FC, inayotumia Uwanja wa Jamhuri, ni mfano wa karibu. Mapato ya haki za matangazo husaidia klabu ya mkoani kulipa mishahara, kusafiri na kusajili. Anayenunua haki hizo hukadiria bei kwa kuangalia idadi ya watu watakaolipia. Kadiri mechi zinavyorushwa kiholela mtandaoni, ndivyo thamani ya mkataba ujao inavyopungua, na klabu ndogo ndiyo hutangulia kuhisi pengo. Hoja hiyo inawagusa pia waigizaji, wanamuziki na waandaaji wa vipindi ambao kazi zao hupita katika chaneli hizohizo.

Pengo linalohitaji kuzibwa

Haki inataka pia kueleza pale ambapo sheria bado ina mashaka. Sheria ya Hakimiliki ilitungwa mwaka 1999, wakati ambapo televisheni ya mtandaoni haikuwa sehemu ya maisha ya Watanzania. Lugha ya haki za mashirika ya utangazaji duniani bado inabeba alama za Mkataba wa Roma wa mwaka 1961, unaotafsiri utangazaji kuwa ni urushaji bila waya kwa ajili ya kupokewa na umma, na urushaji upya kuwa ni wa shirika moja la utangazaji kurusha matangazo ya jingine kwa wakati uleule. Mwenye ukurasa wa mtandaoni si shirika la utangazaji, na matangazo yake huweza kusafiri kwa mkongo hadi kufika kwa mtazamaji.

Wakili mwerevu anaweza kusimama katika pengo hilo na kudai kwamba mteja wake “hakurusha upya” kwa maana ya kisheria. Hoja hiyo haitamsaidia dhidi ya watunzi wa filamu, nyimbo na vipindi vilivyomo, kwa kuwa haki yao ya kuwasilisha kazi kwa umma ni pana zaidi. Inaweza tu kukidhoofisha kituo chenyewe, ambacho kitalazimika kutegemea haki za kazi kilizozinunua. Ngazi ya kimataifa haijaleta suluhu: mazungumzo ya mkataba mpya wa kulinda mashirika ya utangazaji yamekuwa mezani katika Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO) tangu mwaka 1998 bila kukamilika.

Kwa sababu hiyo, tafsiri inayotaja intaneti kwa jina ndani ya sheria ya nchi ingeondoa ubishi na kumlinda kila upande, akiwemo kijana ambaye leo hajui mpaka uko wapi. Jambo hilo lina uzito wa Muungano pia. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003 na taasisi yake, COSOZA. Matangazo yanayorushwa kutoka Ihumwa hufika Unguja na Pemba kwa sekunde, hivyo tafsiri zinazofanana pande zote mbili zingerahisisha utekelezaji.

Wajibu wa mwananchi

Kwa anayetaka kufanya shughuli hii kihalali, njia ipo. Hatua ya kwanza ni kupata ridhaa ya maandishi kutoka kwa mwenye chaneli, inayotaja wazi kwamba inahusu intaneti, eneo la kijiografia na muda. Ya pili ni kujiridhisha, kwa msaada wa COSOTA, kuhusu kazi za watu wengine zilizomo katika chaneli hiyo. Ya tatu ni kuwasiliana na TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kati jijini Dodoma, ili kujua aina ya leseni inayohitajika na masharti yanayotumika kwa sasa.

Kwa mtazamaji, jambo ni jepesi zaidi. Vituo vingi vina kurasa na programu tumizi zao rasmi, na chaneli za bure zinaendelea kupatikana kwa kisimbuzi bila malipo ya mwezi. Kabla ya kulipia huduma ya mtandaoni inayoahidi chaneli zote kwa bei ya kutupa, mwananchi ajiulize fedha hiyo inakwenda kwa nani. Kama haiwafikii walioandaa kipindi, waliocheza mechi wala walioimba wimbo, inamnufaisha mtu ambaye hakutoa jasho katika kazi hiyo, na anayeweza kufunga ukurasa wake usiku na kutoweka na malipo ya wateja wake.